Safari ya Popham Beach Jumamosi

Habari za jioni, ndugu zangu. Tunaondoka Lewiston kwenda Popham Beach, ufuo wa bahari hapa Maine, Jumamosi saa 1 kamili asubuhi. Siku za jua maegesho hujaa mapema, na yakijaa mtarudishwa getini.

1. Mchango: dola 15 kwa mtu mzima, watoto bure. Mpeni mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

2. Maji yatakupwa saa 6 mchana. Wanaovuka kwa miguu kwenda kisiwa cha Fox Island warudi kabla ya saa 7: maji yakijaa, fungu la mchanga hufunikwa na mkondo ni mkali. Mtoto asivuke bila mkubwa.

3. Saa 8 tutaenda Fort Popham, ngome ya granaiti iliyoanza kujengwa 1862, haikumalizika. Ndani kuna giza, leteni tochi.

Maji ni baridi hata Julai, sweta muhimu.

Thibitisheni hapa: watu wangapi, na nani ana nafasi garini?