Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, Kigoma, Mwaka 2024

Wapendwa wanachama wa Umoja wetu, Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mungu kwa uhai. Mwaka huu tumeondokewa na wanachama wawili, na tulisimama na familia zao kama ilivyo desturi yetu. Shughuli za kawaida mnazijua: kongamano la Pasaka, huduma ya kuwaimbia wagonjwa, ziara ya kwaya Kasulu, mikesha. Zote zilifanyika isipokuwa mkesha wa Novemba, ambao mvua iliuzima saa nne usiku. Picha anazo katibu.

Fedha. Ada zilizolipwa ni sh. 871,000, sadaka ya kongamano sh. 412,500 na michango ya marafiki sh. 600,000. Jumla sh. 1,883,500. Tumetumia sh. 1,140,000 kumtunza mwinjilisti tuliyemtuma Uvinza, sh. 286,000 mafuta na matengenezo ya pikipiki, sh. 318,000 kongamano, na sh. 74,500 nauli na shajala. Zimebaki sh. 65,000. Tuko 64 kwenye daftari na ada ni sh. 3,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulipaswa kukusanya sh. 2,304,000 kwa ada peke yake. Waliomaliza mwaka bila deni ni 17. Majina ya wengine siyasomi leo, maana wapo wazee kati yao, na wapo wajumbe wa kamati.

Mahudhurio yanatia aibu. Katika vikao 12, akidi ilitimia mara 4. Kikao cha Machi tulikuwa watu saba, na wawili kati yao waliingia kujikinga na mvua. Lakini kwenye grupu la WhatsApp hakuna anayekosa, na huko ndiko nilikohukumiwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Desemba 2023 kamati ilikuwa na maombi mawili mezani. La kwanza, kununua viti vya plastiki na turubai tukodishe kwenye harusi na misiba. La pili, kumtuma mwinjilisti akaishi na wafugaji wa Kisukuma waliohamia wilaya ya Uvinza, ng'ambo ya Malagarasi. Wajumbe tisa waliitwa, wakaja watano. Wawili walitaka viti, wawili walitaka mwinjilisti, kura yangu ikaamua. Katiba inaruhusu. Tangu siku hiyo nimeambiwa nimekalia fedha za watu na kwamba mwinjilisti ni ndugu yangu. Si ndugu yangu. Tumetoka tarafa moja, na hilo si kosa. Pikipiki anayotumia ni yangu mimi, sijaidai Umoja hata shilingi ya kukodi, ingawa betri imekufa mara mbili.

Lawama kubwa ni kwamba mwaka umepita na hajabatiza hata mtu mmoja. Ni kweli, na maagizo hayo nilimpa mimi. Nilimwambia: mwaka wa kwanza usihubiri. Jifunze Kisukuma, kula wanachokula, chunga nao. Sisi Waha tukisema Imana, yaani Mungu, tunaelewana hadi Burundi. Ukivuka Malagarasi na kusema Imana, unamwambia mtu neno ambalo mama yake hakuwahi kulitumia kuomba mvua. Wao wana Mulungu, wana Seba. Kiswahili kinatusaidia sokoni, lakini mtu akiuguliwa na mtoto usiku hasali kwa lugha ya sokoni.

Tena sisi wa Kigoma ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Wageni huenda Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha, wanaondoka. Agosti 1878 walifika palepale wamisionari wa London Missionary Society. Mmoja wao, Thomson, alizikwa Ujiji mwezi uliofuata. Waliobaki walikaa na mizigo yao katika mji wa wafanyabiashara wa Kiislamu waliowatilia shaka, kazi ikadoda, na hatimaye wakahamia kusini mwa ziwa. Januari 1879 wakafika Mapadre Weupe. Mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, alikuwa amewaagiza wazungumze lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao. Kwenye mavazi walikuja na kanzu za Algeria, kwa hiyo hata wao walipatia nusu. Lakini lugha waliishika kweli. Najua watakaosema mwenyekiti anawasifu Wakatoliki. Ninasifu kazi.

Julai nilikwenda kujionea, kwa nauli yangu. Nilifika saa nane mchana nikiwa na hotuba ya kurasa nne mfukoni. Kwa kujidai nikawasalimu, "Mwangaluka!" Watoto wakaangua kicheko hadi mmoja akakaa chini. Mwinjilisti akaninong'oneza kwamba hiyo ni ya asubuhi, mchana husemwa "Mwadila". Tukaletewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando kwenye kibuyu kimoja. Mtu aliyelelewa kwa mgebuka na dagaa hapo ndipo anapoujua wito wake. Mwinjilisti alikunywa, akapangusa mdomo kwa kiganja, akampa mzee wa kushoto kwake bila kutazama, kama mtu wa nyumba ile. Mzee huyo amempa ng'ombe wa kukamua. Wanaofahamu wafugaji wanajua mgeni hapewi ng'ombe wa kukamua. Hilo sikuliona likitajwa kwenye grupu.

Hotuba yangu ilirudi mfukoni.

Jioni likaja lile la majembe, ambalo mmoja wetu alilirekodi na kulisambaza. Kina mama kama kumi na wawili walisimama mstari mmoja wakiwa na majembe, wakaanza bugobogobo, ngoma ya wakulima. Jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa kwa mpini, na mguu unashuka pamoja na ngoma. Maneno waliyoimba yalikuwa Zaburi ya 126, wapandao kwa machozi watavuna kwa furaha. Hakuna aliyewafundisha wimbo. Mwinjilisti aliwasimulia zaburi wakati wa palizi, wakaifanya wimbo wenyewe. Wapo waliosema huo ni upagani. Hofu yao naielewa, kwa sababu ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, zimezoea kwenda na dawa za kuvuta watazamaji, na mwinjilisti aliuliza juu ya hilo kabla ya mtu kushika jembe. Wazee wakamwambia ngoma hii ni ya shambani, haina dawa. Akaridhika, nami nikaridhika.

Halafu tuulizane. Tarumbeta za ndugu zetu Wamoraviani wa Tabora na Urambo zilitoka kwao Ujerumani. Kinanda chetu hakikuchongwa Mwandiga. Huko Bujora, Mwanza, Padre David Clement aliziingiza ngoma za Kisukuma katika sikukuu ya Ekaristi miaka mingi iliyopita, na watu wanazicheza hadi leo. Kwa nini jembe la mama wa Kisukuma ndilo liwe najisi?

Nakiri kosa moja. Ningeitisha mkutano wa wanachama wote kabla ya kura ile. Ila naona tungekuwa watu saba.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia mwinjilisti aanze mafundisho ya ubatizo, Mungu akipenda. Tunatarajia pia kutembelea ndugu wa Kikongo wa Kibirizi, kwa sababu wao walitutembelea mara mbili na sisi hatujarudisha. Suala la viti halijafa, litaangaliwa fedha zikiruhusu, na sh. 65,000 haziruhusu. Mzee mwenye ng'ombe ameomba tumpelekee kinanda akione, maana amesikia kinapiga bila ngozi. Nimemuahidi. Sijui kitafikaje.

Baada ya chai kuna uchaguzi. Fomu yangu nimeshairudisha. Kwa mujibu wa katiba anayepiga kura ni asiyedaiwa, na mhazini amekaa mlangoni na daftari pamoja na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti