Kaka, paa la plastiki angavu liache huku huku

Suffolk, Uingereza
24 Julai 2022

Kaka, shikamoo.

Natumai wote hamjambo hapo Ngamiani, Tanga, na goti la Mama limetulia. Mimi mzima, ila ngozi ya shingo imebabuka kwa jua. Ndiyo, jua la Uingereza. Mkimaliza kucheka mniombee dua.

Umeniuliza mara tatu bei ya lile hema lenye paa la plastiki angavu uliloliona kwenye picha nilizomtumia Dada, na kama linaweza kufika kabla ya harusi ya binti yetu mwezi wa kwanza. Sikukujibu kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa nafika nyumbani sina hata nguvu ya kuvua viatu. Sasa nakujibu: usinunue.

Jumatatu ya tarehe 18 tulikuwa na harusi ya wageni 120 kwenye kijiji kimoja huku. (Siku hizi wanaoana hata Jumatatu, maana siku za kazi bei hushuka.) Idara yao ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo jekundu la joto kali, la kwanza katika historia yao. Siku hiyo Santon Downham, humu humu Suffolk, walipima nyuzi 38.1. Kesho yake Coningsby, mkoa wa Lincolnshire, ikafika 40.3. Nchi hii haikuwahi kuiona 40 tangu waanze kupima. Rekodi ya zamani ilikuwa 38.7, ya Cambridge mwaka 2019.

Nusu ya hema letu lilikuwa na paa hilo unalolitaka. Saa tano asubuhi niliingia kupanga viti, kuta zote zimefungwa kwa sababu mpambaji hakutaka maua yake yapigwe na upepo. Nje kipimajoto kilisoma 33. Ndani, 44. Ushawahi kufungua mlango wa gari lililoegeshwa juani pale Mgandini tangu asubuhi? Basi ndiyo hivyo, ila hili gari lina meza kumi na tano na vitambaa vya hariri. Jua linapenya kwenye plastiki, linachoma sakafu na viti, na joto likishaingia halina pa kutokea.

Mahema haya, kaka, yametengenezwa na watu wanaoogopa mvua na baridi. Kila pindo lake linabana. Hata nusu ile ya paa jeupe haikuwa na nafuu kubwa, maana turubai likishapata moto linakumwagia joto utosini, hata hewa yenyewe ikiwa si mbaya. Nyoosha mkono juu chini ya lile turubai lako la buluu saa nane mchana, utalisikia.

Msimamizi wetu alitaka kukodi viyoyozi. Vinaendeshwa na jenereta, bomba la hewa moto linatolewa nje, na hapo lazima ufunge hema lote, la sivyo unapoza kijiji. Halafu kuna wageni wenyewe: mtu mmoja aliyekaa tu hutoa joto kama la balbu ya wati 100, zile za zamani. Watu 120 ni wati 12,000, na hapo hawajaanza kucheza. Tulipiga simu kila mahali, mashine zilikuwa zimekwisha.

Basi tukafanya mambo ya kwetu. Tulifungua kuta za pande mbili ndefu, upande wa upepo na upande wa pili yake, tukaacha wazi na zile pembe za juu kwenye ncha mbili za hema, maana hewa moto hupanda na isipopata tundu inarudi kuwakalia watu. Chini ya lile paa angavu tukavuta kitambaa kizito cheupe, tukaacha nafasi ya kama shubiri mbili kati yake na plastiki, na ncha zake hatukuzifunga ili hewa ipite. Dari lile lilifanya kazi kuliko feni zote. Kufika saa nane ndani ilikuwa 37, sawa na nje. Mpambaji alinuna mpaka jioni.

Jambo ambalo sikulitegemea ni jua la jioni. Huku mwezi huu linazama baada ya saa tatu usiku, kaka, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja lilikuwa linapiga ubavuni, upande wa magharibi, na ndiko walikoiweka keki. Krimu yake ilikuwa ya siagi. Ghorofa ya juu ilianza kuteleza taratibu, baba wa bibi harusi anahutubia, mimi na mwenzangu tukaibeba mzimamzima mpaka kwenye gari la jokofu la wapishi. Nikatoka na krimu mpaka kwenye kiwiko. Huko kwenu hilo halitawasumbua, jua halikai ubavuni muda mrefu. Kwenu adui ni paa.

Na usidanganywe na zile feni za kurusha ukungu wa maji. Huku siku ile zilisaidia kwa sababu hewa ilikuwa kavu, majani yote ya njano, na maji yakikauka hewani ndiyo yanapoza. Zipeleke Dodoma. Tanga mwezi wa kwanza hewa imeshajaa maji, utawalowesha akina mama na hariri zao bure.

Kwa hiyo pesa hiyo nunua turubai jeupe, au hata kodi, na kitambaa cheupe cha kuvuta chini yake. Wapambaji wetu nao wana ugonjwa ule ule wa kuziba pande zote kwa mapazia. Mwambie wako mapema, kabla hujampa malipo ya kwanza. Kuta zikiwa wazi upepo unaingia chini na kunyanyua paa, basi vigingi viwe virefu na kamba zikazwe mara mbili. Jiko na jenereta viwekwe upande ambao upepo unaendea.

Hapo ndipo ninapokwama. Najua utataka kwenda kusimama uwanjani kesho uone upepo unatoka wapi, lakini sasa ni kusi. Mwezi wa kwanza ni kaskazi, utakuwa umegeuka. Muulize Mama. Harusi ya Dada ilikuwa Januari, uwanja ule ule, na moshi wa pilau uliingia kwa wanawake mpaka somo akamtoa bibi harusi nje anakohoa. Mama hajasahau jiko lilikuwa wapi siku ile. Akikuonyesha, nipigie.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako.