Kwa vijana wa Kiislamu wa masoko ya Mbeya: ile shahada tunayoitamka

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu mnaouza nafaka, viazi na nguo Mwanjelwa, Sido na Uyole, nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nina hofu juu yenu.

Nawasikia mnavyobishana baada ya Isha. Mikono ifungwe au iachiwe, kunuti, ile dua ya kusimama katika swala ya Alfajiri, isomwe au isisomwe, maulidi yanafaa au hayafai. Masuala hayo yana wanavyuoni wake, wala siwazuii kuyasoma. Lakini wapo miongoni mwenu walio wakali wa kunuti, na juu ya mlango wa duka wametundika kitambaa cheusi chenye dawa ndani.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimpangia la kuanza nalo. Awaite watu kwanza washuhudie kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume Wake. Wakilikubali hilo, ndipo awajulishe swala tano. Wakilikubali na hilo, ndipo zaka, ichukuliwe kwa matajiri wao na kurudishwa kwa maskini wao. Swala, pamoja na utukufu wake wote, ilingoja shahada itangulie.

Naijua hofu ya chuma ulete, ule uchawi unaodaiwa kuvuta hela za duka. Umeuza vizuri tangu asubuhi, jioni ukihesabu hela haitimii, na jirani anakunong'oneza habari za mganga. Ni mtihani, siudharau. Ila Ibn Abbas alikuwa kijana mdogo tu Mtume alipomfundisha kwamba umma wote ukikusanyika ili umdhuru, hautamdhuru ila kwa lile ambalo Allah amekwisha kumwandikia. Na ukikusanyika ili umnufaishe, ni vivyo hivyo. Mwenye kuamini hivyo atakwenda kwa mganga kutafuta nini? Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Fikirini: mtu anaamka Alfajiri ya mwezi wa saba, anatawadha kwa maji ya bomba yanayokata vidole, baridi ya Uyole mnaijua, kisha thawabu za swala hizo zote zimpotee kwa swali moja alilomuuliza mpiga ramli! Hela isipotimia, fungueni daftari. Angalieni mliowakopesha, chenji mliyotoa, na nani alikaa dukani mlipotoka. Kisha someni Ayatul Kursiyyu, mfunge duka, mlale.

Sayyidna Umar bin Al-Khattab alilibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba akaliambia: najua wewe ni jiwe tu, hudhuru wala hunufaishi, lau nisingemwona Mtume wa Allah akikubusu, nisingekubusu. Nayapenda sana maneno haya. Jiwe halina uwezo wowote, na hiyo ni imani yake kwa Allah. Hata hivyo analibusu, kwa kuwa amemwona Mtume akilibusu, na huko ndiko kumfuata. Basi, ikiwa jiwe la Al-Kaaba lenyewe halidhuru wala halinufaishi, kitambaa cha mlangoni kina nini?

Hiyo sehemu ya pili ya shahada, kwamba Muhammad ni Mtume Wake, ndiyo tunayoipitia mbio. Majirani zetu Wakristo nao wanamwamini Mungu, na wakituuliza tunaamini nini tuwajibu kwa maneno mazuri. Kinachotufanya Waislamu ni kumwamini Mungu Mmoja pamoja na kukubali kwamba Muhammad ni Mtume Wake, kisha kumfuata. Qur'ani inasema: ikiwa mnampenda Allah, basi nifuateni, Allah atawapenda.

Na Mtume wetu alifika sokoni. Aliingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamwambia: kwa nini hukuziweka juu zilizolowa, watu wakaziona? Anayedanganya si katika mimi. Sasa nanyi mnachanganya mchele wa Usangu na wa Kyela, mnauza wote kwa jina la Kyela. Mnakwenda kwa mkulima wa viazi Umalila mnadai lumbesa, gunia lijazwe kupita kipimo na kushonwa kwa kilemba, halafu mjini mnamjazia mama wa watu sado, lile kopo la kupimia, isiyofika ukingoni. Someni Sura Al-Mutaffifin, aya tatu za mwanzo tu: ole wao wanaopimiwa na watu wakataka kujaziwa, na wakiwapimia watu wakapunguza. Aya hizo aliletewa huyo huyo Mtume mnayemshuhudia kila mnapokaa kwenye Tahiyatu.

Alhamisi baada ya Isha nitaanza kuwasomesha hadithi ya Malaika Jibril, alipomuuliza Mtume kuhusu Uislamu, imani na ihsani. Njooni, na kina mama wafanyabiashara waje pia. Mwenye hirizi anayeona haya kuivua mbele za watu anifuate nyumbani, tutaiondoa mimi na yeye. Na mwenye mchele wa mchanganyiko asisubiri Alhamisi. Kesho asubuhi auandikie jina lake la kweli na bei yake ya haki.

Wassalaam alaykum,
Mzee wenu, Uyole