Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: saa ya kuwaondoa wagonjwa iandikwe mapema

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Naomba jambo moja. Kila hospitali iliyo kwenye njia ya kimbunga au mafuriko iandikiwe ianze kuhamisha wagonjwa saa ngapi kabla ya dhoruba, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema "tuondoke" bila kungoja simu kutoka juu.

Tulifanya zoezi hospitalini kwetu. Mwenzetu alijilaza kwenye machela, tukachukulia umeme umekatika na lifti imesimama. Wanne walibeba machela, wa tano akakamua mfuko wa kumpulizia hewa, wa sita akashika dripu na mtungi wa oksijeni. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi machela ikakwama. Ikabidi tuinyanyue juu ya reli, na yule wa kukamua hewa akabaki nyuma hatua mbili. Mwenzetu yule anapumua mwenyewe; wagonjwa wangu wengi hawawezi. Tulipofika chini, geti la nyuma lilikuwa limefungwa na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Mtungi mdogo wenye lita 680 za gesi, kwa mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika, unaisha kwa dakika 68. Barabara ikishajaa watu wanaokimbia maji, ambulensi haifiki popote kwa muda huo. Ndiyo maana wagonjwa inabidi watangulie, kabla mji mzima haujatangaziwa kuhama.

Inawezekana. Februari 2011, kabla Kimbunga Yasi hakijapiga, hospitali za Cairns, Australia, zilisafirisha wagonjwa zaidi ya 300 kwa ndege hadi Brisbane. Lakini Oktoba 2012, Kimbunga Sandy kilipokuja, hospitali ya NYU Langone, New York, Marekani, ilibaki na wagonjwa wake. Maji yakaingia, umeme wa jenereta ukakatika, na wagonjwa zaidi ya 300 wakaanza kuhamishwa usiku ule ule kwa ngazi. Miongoni mwao walikuwa watoto wachanga 20 wa uangalizi maalumu, mikononi mwa wauguzi.

Lakini sisemi kila mgonjwa aondolewe. Fukushima, Japani, Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia, wazee wagonjwa walipakiwa kwenye mabasi bila wahudumu wa afya, wakasafirishwa kwa saa nyingi, na baadhi wakafia njiani. Kwa hiyo madaktari wapitie wodi kila msimu wa hatari unapokaribia: nani anaweza kukaa kwenye kiti, nani lazima alale, nani safari itamuua na heri abaki ghorofa ya juu na muuguzi wake. Na hospitali inayowapokea ijue idadi ya vitanda, dawa na mashine za kupumulia kabla gari la kwanza halijawashwa. Kila mgonjwa aondoke na faili lake na utepe wa jina mkononi. Mtoto mchanga hawezi kujitaja.

Ufunguo wa geti la nyuma sasa unatundikwa kwenye meza ya wauguzi, na kila zamu ina jina la anayeuchukua. Hilo tuliliweza wenyewe. Saa ya kuondoka inahitaji sahihi yako.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi