Dada, kuhusu ule mwiko

Dada, shikamoo. Najua hutaitikia. Namba yangu umeifungia, na salamu ninazompa Mama Mdogo akufikishie zinarudi kama zilivyokwenda. Ndiyo maana naandika hapa, wasome watu wote, na wewe uwe mmoja wao.

Nimesikia mwanetu anaolewa Ijumaa ijayo. Nimesikia kwa watu wa nje.

Nianzie pale ukumbini, kwenye kile kikao cha usalama cha miaka miwili iliyopita, maana ndipo uliponiachia. Ulikuja na dera jipya na lile bakuli la bluu lenye mkate wa kumimina, ukakaa mstari wa tatu na shangazi. Mimi nimesimama mbele, nimepewa dakika 20, na mbele yangu wamekaa wakubwa: polisi, watu wa mipango, ustawi wa jamii. Nikawasomea takwimu. Nikawaambia utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10, wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Mmoja wao akapiga mwayo. Dada, ule mwayo ndio ulionifanya niweke karatasi chini. Nikasimulia habari ya mwanamke mmoja wa mji huu, mwaka 2000, aliyetoka kwake saa tano usiku, mtoto mgongoni, kandambili mguu mmoja, mkononi ana mwiko wenye ugali na wala hajui kama ameushika, mpaka pale kaunta ya polisi askari alipomwuliza amekuja kumpikia nani.

Ukumbi ulinyamaza. Yule wa mwayo alinyamaza. Shangazi akageuza shingo akakutazama. Ukasimama, bakuli ukaliacha juu ya kiti, ukatoka, na usiku ukaniandikia neno moja tu: Umeniuza.

Miaka miwili nalitafuna neno hilo, halimezeki.

Jina lako sikulitaja. Lakini Makorora hii ya Tanga nani hajui habari ya mwiko? Walikucheka mwezi mzima. Nilijua hilo nilipokuwa nafungua mdomo, siwezi kukudanganya. Nimekaa kwenye vibaraza vya Muheza na Pangani na wanawake wengi, nimesikia mambo ambayo mengine sijamwambia mtu hata leo, na hakuna hata mmoja niliyeandika neno lake kabla ya kumsomea fomu ya ridhaa na kumwambia, mama, ukikataa ni haki yako. Wewe sikukusomea fomu. Wewe peke yako.

Nilijiona sina haja. Usiku ule na mimi si nilikuwepo? Miaka 13, nimebeba kikapu cha nepi, nakufuata nyuma nyuma gizani. Nilimsikia yule askari kwa masikio yangu akikwambia mume kumpiga mkewe si kesi, rudi ukamwombe radhi. Na sheria ilikuwepo, dada! Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila iseme nini. Ilikuwa na miaka 29 usiku ule. Nilipokisoma kifungu hicho chuoni nilifunga kitabu nikaenda kukaa msalani nikalia.

Watu wakikuuliza nafanya kazi gani, ulikuwa unasema "mambo ya wanawake." Si kosa lako, sikuwahi kukueleza vizuri. Nilipoomba kusoma usalama nilifundishwa mipaka, majeshi na silaha. Nikaandika kuhusu njia ya kutoka nyumbani kwako mpaka kituoni: taa hakuna, mbwa wapo, na mwisho wake ni kaunta. Nikaambiwa hiyo si mada ya usalama, nipeleke ustawi wa jamii. Na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya binadamu ilishasema tangu 1994 kwamba usalama ni wa mtu pia, mwilini mwake na nyumbani mwake, hauishii mpakani. Halafu nikakutana na Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama, la wanawake, amani na usalama. Nikatazama tarehe: 31 Oktoba 2000. Sisi ilikuwa Agosti. Azimio lile linasemea zaidi wanawake wa kwenye vita, halikukutaja wewe wala Makorora. Lakini ndilo lililonipa lugha ya kuingia nayo kwenye vile vikao na kuuliza: mnapopanga usalama, mmemwuliza mwanamke anaogopa nini?

Kaunta ile sasa ina chumba pembeni. Kina mlango wake, viti viwili na pazia. Kabla ya siku ile ya ukumbini dawati la jinsia, la polisi kupokea kesi za ukatili kama wako, lilikuwepo kwa jina tu, mwanamke anaeleza yaliyompata huku aliyeibiwa baiskeli amesimama nyuma yake anasikiliza. Nilikwenda kukitazama, nikakaa kwenye kimojawapo cha vile viti. Kilitoka kwenye mwiko wako, dada. Kwenye takwimu zangu kisingetoka.

Na mimi nina langu. Asubuhi ya usiku ule ulirudi kwa mumeo. Hilo silisemi, ulikuwa na mtoto mchanga na kwetu hapakuwa na nafasi. Lakini ulinishika bega ukaniambia, "Mwamkie shemeji yako." Jicho lako limevimba, halifunguki, nami nikasema shikamoo shemeji. Nikaisema kila asubuhi mpaka nilipoondoka kwenda bweni. Hata nauli ya basi uliyonipa, ya cherehani yako, ilinibidi nimshukuru yeye. Hilo ndilo sijaweza kulisamehe, na ninakupenda.

Ijumaa shemeji atakaa kwenye jamvi, atashika mkono wa bwana harusi amwoze binti. Wanasema mtoto alikuuliza, baada ya ule ukumbi, kama ni kweli, ukamwambia mama yako mdogo ana hadithi nyingi. Mwambie, dada. Mwambie mwenyewe kabla hajaingia nyumbani kwa mtu, ajue kwamba mlango wa kutokea upo. Umemsomesha, umekataa kumwoza alipoletewa posa na miaka 16 wakati sheria ilikuwa inaruhusu. Mtu aliyefanya hivyo anaogopa nini kusema mengine? Ningekaa kimya mimi, nani angesema? Ningekuja kukuomba ruhusa ungenipa? Usingenipa. Nilijua, ndiyo maana sikuomba.

Bakuli lako ninalo. Nimelihifadhi kabatini Dar, nimehama nalo mara mbili. Nitalileta Alhamisi jioni, nitapitia mlango wa uani. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, mama alitufundisha, na mpaka sasa sijui nitie nini.