Godoro la nne kwa sita linatosha kuku wangapi?

Simu nyingi zinazoingia karakana kwetu hapa Mwanza, tunakotengeneza mabanda ya kuku, zinaanza na bei: "Fundi, banda la kuku thelathini ni shilingi ngapi?" Sisi tunajibu kwa swali: hao kuku mchana watakuwa wapi? Wengi hapo hunyamaza kidogo, kwa sababu hesabu yao waliipiga kwa kuku aliyelala. Usiku kuku hana makuu. Anajikunyata, anambana mwenzake, na thelathini wanaenea kwenye kibanda ambacho wewe ungekataa kuwekea hata mkaa. Banda linapimwa siku ya mvua ya masika, mlango haujafunguliwa tangu asubuhi, wote wako macho na wote wana njaa.

Kwa kuwa mita za mraba hazimwingii mtu haraka, tumezoea kupima kwa godoro. La nne kwa sita kila mtu analijua. Eneo lake ni futi za mraba 24, yaani mita za mraba 2 na kidogo. Litandike uani kwa mawazo, kisha ujiulize hapo wanaenea kuku wangapi wakubwa.

Jibu linategemea uliyemuuliza. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kuku wa mayai wasiowekwa kwenye vizimba zinaruhusu 9 kwa mita ya mraba, kwa hiyo godoro letu lingebeba 20. Wafugaji wa uani wa Marekani huambiana futi za mraba 4 kwa kila kuku ndani ya banda, na 10 nyingine za uwanja wa nje. Hao wangeweka 6. Hapa kwetu utasikia zaidi 5 kwa mita, ambayo kwa godoro ni 11. Mtu anasoma tarakimu zote tatu kwenye simu, anachagua iliyo kubwa, analeta oda.

Ila kila tarakimu ina masharti yake. Huyo wa Ulaya anahesabu na majukwaa ya juu, maana banda lake linaweza kuwa na sakafu hadi 4 za kuku kupandia, kila kuku ana sentimita 15 za fito yake, na kila kuku 7 wana kiota kimoja. Isitoshe, wenyewe wameshajifunza kwa kuumia: vizimba vyao vya zamani vilimpa kuku sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4, na vilipigwa marufuku kuanzia Januari 2012. Wa Marekani naye anafikiria majira ya theluji, kuku wamekaa ndani siku nyingi mfululizo. Sisi theluji hatuna. Tuna jua la saa nane na mawe.

Kwa hiyo hesabu yetu ya karakana ni hii. Kama kuku wanatoka kutwa nzima na banda ni la kulala na kutagia, godoro la nne kwa sita ni kuku 10. Kama hawatoki kabisa, ni 7. Godoro la sita kwa sita ni 15 wanaotoka, au 10 wa kufungiwa. Kuku chotara kama Sasso na Kuroiler ni wazito, hasa majogoo, kwa hiyo wakiwa hao tunapunguza mmoja au wawili. Kuku wa nyama wana hesabu yao, wanakaa wiki chache tu. Hao 8 kwa mita wanakwenda, na anayetaka 10 tunamwambia asubiri mwezi wa sita au wa saba.

Wapo wanaotuona tunataka kuwauzia mbao. Ndiyo maana ninapenda kuwaeleza habari ya banda moja la kule Mahina, ambayo nusu ya kosa lake ni letu.

Tulikuwa ndiyo tunaanza. Mama mmoja alikuwa na kiwanja cha mlimani, unavijua viwanja vyetu, nyumba imeegemea jiwe na jiwe limeegemea jiwe. Alitaka banda la kuku kumi, na ili apunguze gharama tukamshauri ukuta wa nyuma tusijenge, jiwe lenyewe liwe ukuta. Tukajiona wajanja. Miezi kadhaa baadaye akapiga simu: kuku wananyonyoka, mayai yamepungua, chakula amebadilisha mara mbili bila mafanikio.

Tulifika saa saba mchana. Kwanza, kuku hawakuwa kumi. Walikuwa ishirini na sita. Alinunua vifaranga wa mwezi mmoja, wakaenea vizuri sana, akaongeza wengine. Vifaranga wanakua, banda halikui. Wote walikuwa wameachama midomo na mabawa wameyaachia. Kuku hatoki jasho; joto lake analitoa kwa kutweta, na akibanwa na wenzake huku na huku hana pa kulipeleka. Mmoja mweupe alikuwa amejibanza nyuma ya chombo cha maji, mkia mtupu, damu imekauka pale manyoya yalipokuwa. Kila aliyekuja kunywa alimdonoa kwanza. Nikaweka kiganja kwenye lile jiwe. Lilikuwa la moto kama pasi iliyochomolewa sasa hivi, na mama akasema hadi saa mbili usiku bado lina uvuguvugu.

Chini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Maji ya mvua yalishuka na jiwe, yakaingia moja kwa moja kwenye maranda. Kuku mkubwa hutoa zaidi ya gramu 100 za kinyesi kwa siku, na sehemu kubwa yake ni maji. Ishirini na sita ni kama kilo 80 kwa mwezi, juu ya sakafu ya godoro moja. Maranda yakilowa hivyo, hewa inachoma macho, mafua hayaishi, na vimelea vya kuhara damu vinapata walichokuwa wanakitaka: unyevu na joto. Hapo hata ungemwita mtaalamu wa dawa kila wiki, sakafu ingemshinda.

Tulirudia kazi kwa gharama zetu. Banda tulilisogeza futi tatu kutoka kwenye jiwe, tukachimba mfereji katikati, na kuku kumi na sita akawauza. Tangu siku hiyo hatuegemezi banda kwenye jiwe, hata mteja akisisitiza.

Nafasi ya sakafu ukishaipata, usiimalize kwa vyombo. Chombo cha chakula kining'inizwe, kimo cha mgongo wa kuku. Fito za kulalia, kila kuku sentimita 20, kwa hiyo fito ya futi sita inabeba 9. Ziwe za kimo kimoja, la sivyo watagombea ya juu kila jioni na wa chini wataamka wamechafuliwa. Kiota kimoja kwa kuku 4 au 5, kwenye kona yenye giza, chini kuliko fito. Ndoo ya rangi ya lita 20 ukiilaza na kuiwekea majani makavu ni kiota kizuri kabisa, tusikudanganye kwamba lazima ununue chetu.

Ukuta wa tofali au mabanzi uishie futi mbili, juu yake wavu mpaka kwenye bati, ili upepo wa ziwani wa mchana upite. Urefu wa banda ulale mashariki kwa magharibi. Walioko karibu na maji, Igombe au Malimbe, wavu tunauzamisha ardhini futi moja kwa sababu ya kenge. Na mlango uwe wa mtu kuingia amesimama. Banda la kuinama halifagiliwi, hilo tumeliona mara nyingi mno.

Kupima uani kwako ndani ya jiji hatutozi. Kabla hatujaja, tafadhali amua idadi ya kuku unaotaka kuwa nao miezi sita ijayo, si ulionao leo. Na kama kuna jiwe, lipige picha mara tu baada ya mvua, tuone maji yanashukia wapi.