Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapiga Mbizi, Mafia, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Nawashukuru kwa kunipa mwaka mwingine wa kuwatumikia, na nawapa pole wote ambao Hidaya iliwaezulia mapaa. Kimbunga kile kilitua hapa kwetu tarehe 4 Mei, na hakuna haja ya kuwasimulia mlichokiona wenyewe. Nitasema tu kwamba boti yetu ilikuwa imeshavutwa mchangani siku mbili kabla, na nahodha wetu akaifunga kwenye minazi minne. Miwili ilianguka. Boti ikabaki. Nampongeza mbele yenu wote.

Nusu ya kwanza ya mwaka basi haina mengi. Masika, kimbunga, kisha kusi ikakaza. Tulitengeneza injini, tukachanga fedha, tukakutana mara tatu. Mengi ya kuwaeleza yametokea baada ya bahari kutulia, Oktoba na Novemba, tulipofanya hatimaye mafunzo ya uokoaji ambayo tumekuwa tukiyazungumza miaka mitatu.

Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliuliza: fedha ya uokoaji ya nini, ilhali wengi wetu tuna vyeti na watalii wanarudi salama? Niliahidi kujibu kwa maandishi, na jibu langu linatoka Ziwa Victoria. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walitoka hai. Wavuvi wale hawakuwa na mitungi ya hewa wala boti ya uokoaji; walikuwa na makasia, na walikuwa karibu. Miaka minne kabla yake kivuko cha MV Nyerere kilizama jirani na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai, kwa sababu alipata mahali ndani ya chombo palipobaki na hewa. Nalifikiria jambo hilo mara nyingi. Siku mbili ni muda mrefu sana gizani, na kama hakuna mtu wa kuzamia, hewa ile isingemsaidia kitu.

Ndiyo maana sikukubali mafunzo yawe ya wenye vyeti peke yao. Tulikuwa kumi na wawili: wazamiaji saba, manahodha wawili, baharia mmoja, na akina mama wawili wavuvi wa pweza ambao hawajawahi kuvaa mtungi maishani mwao. Siku mbili za mwanzo hatukugusa maji. Tulitandika mkeka chini ya mwembe, tukaweka mdoli wa mafunzo katikati, tukajifunza kumrudishia pumzi mtu aliyezama. Mtu wa namna hiyo amekosa hewa, kwa hiyo unaanza kwa kumpulizia, halafu ndiyo unakandamiza kifua: mara 30, kisha pumzi mbili, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita tano hadi sita. Vijana walichoka upesi. Mama mmoja, aliyezoea kupondaponda pweza, aliendelea dakika kumi bila kupoteza mwendo, na mwalimu akamwita atuonyeshe wote tena. Wazamiaji wenye vyeti vya miaka mingi walikaa pembeni ya mkeka wakimtazama mikono.

Siku ya tatu tulitoka Kilindoni asubuhi. Zoezi lilikuwa la mzamiaji aliyetaharuki juu ya maji. Kijana wetu mmoja alipewa kazi ya kuigiza: avue miwani, ateme rigaleta, yaani kifaa cha kupumulia, apige maji kwa mikono, apige kelele. Mwokozi wake alikuwa dada mmoja aliyeanza kuzamia mwaka huu huu. Mimi nilikuwa majini, mita kama tano kutoka kwao, nimeshika boya.

Kijana akaanza, tena vizuri. Kisha sauti yake ikabadilika. Nilitumbukiza uso majini nione miguu yake inafanya nini, nikaona maji chini yake yamejaa madoadoa meupe. Potwe, yule papa mkubwa wa madoadoa, alikuwa anapanda. Mdomo wazi, mpana kuliko mabega yangu, anakusanya uduvi, samaki chazo wawili wamemnata kifuani. Alikuwa na urefu wa boti yetu tangu omo hadi tezi. Kijana hakumwona akija. Alihisi tu kitu kinamgusa nyayo, akatazama chini.

Akamrukia dada, akamshika kichwa, akataka kumpanda. Kutoka kwenye boti mwalimu akapiga makofi: "Safi! Hivyo hivyo!" Alidhani ni maigizo. Dada alijua si maigizo, kwa sababu kucha zilikuwa zimemwingia shingoni. Akafanya alichofundishwa jana yake: akauma rigaleta, akatoa hewa kwenye jaketi lake la kuelea, akazama. Mtu aliyetaharuki anataka kwenda juu, hakufuati chini. Kijana akamwachia. Dada akaibuka nyuma yake, akakamata vali ya mtungi, akaubana mtungi kwa magoti, akamfungua mkanda wa uzito wa risasi ukaanguka, akajaza jaketi. "Kaka, nimekushika. Vuta pumzi. Nimekushika." Potwe akageuka polepole, akaenda zake na uduvi wake.

Kijana huyu huyu kila msimu anawaeleza wageni kwamba potwe hali watu, kwamba koo lake ni jembamba, kwamba chakula chake ni uduvi na dagaa. Hakusahau hata neno moja. Ila pumzi ilimtoka kabla elimu haijamfikia. Nimezamia miaka kumi na tisa, na naamini hivi ndivyo ajali nyingi zinavyoanza: bahari inamshtua mtu, pumzi inapanda, na kila kosa linalofuata linatoka kwenye pumzi ile. Anayeshtuka akiwa chini akaizuia pumzi na kukimbilia juu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa hewa aliyoivuta kwenye kina cha mita kumi inakuwa maradufu anapofika juu, na mapafu yanaweza kupasuka.

Kosa siku ile lilikuwa letu waandaaji. Hatukuwa tumekubaliana neno la kutenganisha maigizo na hatari yenyewe. Tangu siku hiyo neno letu ni "KWELI". Yeyote akilitamka, juu ya maji au ndani ya boti, zoezi limekwisha, na kila mtu anafanya kazi. Naomba neno hili liingie kwenye kanuni za chama.

Zoezi la kutafuta mzamiaji aliyepotea tulilifanya ndani ya Ghuba ya Chole, siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua mkondo wa Kinasi, mlango wa ghuba hiyo, hauna huruma na mtu anayejifunza. Tulizamisha gunia la mchanga mita kumi na moja, tukatafuta kwa mraba unaopanuka. Jozi ya pili haikuliona gunia. Iliona nyavu, na ndani ya nyavu kasa, hai, pezi la kulia limekatika mpaka nyama nyeupe. Kasa aliyetulia anaweza kukaa chini saa kadhaa akilala. Anayepambana na nyavu hewa yake inamwishia haraka mno. Wale wawili walifanya kazi kama tulivyosomeshwa kuhusu kamba na nyavu: mmoja anakata, mwingine anakaa mbali na nyavu akimlinda mwenzake mapezi na mtungi. Kisu kimoja tu, hakuna kuvutana. Walipomfungua pezi la mwisho hawakumshika, walimwacha apande mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye boti. Kichwa kilitokea mita tatu kutoka ubavuni, na nikaisikia pumzi yake, nzito, ya kukoroma, kama ya mzee anayeamka. Akavuta tatu, akazama.

Nyavu tuliitoa. Ilikuwa na urefu wa pima kumi na mbili na haina mwenyewe. Wanachama wenye nyavu, nawasihi: iliyochakaa irudisheni nchi kavu, tutaipokea hapa ofisini.

Mengine kwa ufupi. Samaki kikande mwenye kiota alimshambulia mmoja wetu na kumng'ata pezi mara mbili; wakumbusheni wageni kwamba eneo analolilinda linapanuka kuelekea juu mpaka usoni mwa maji, kwa hiyo anayekimbilia juu bado yumo ndani yake. Mkimbieni kwa ubavu, chini chini. Na baharia wetu alikanyaga samaki taa kwenye maji ya magoti alipokuwa akisukuma boti. Mwiba wa taa dawa yake ya kwanza ni maji ya moto, kiasi cha mkono kustahimili, nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90, kwa sababu joto huivunja sumu. Tulichokuwa nacho ni chupa ya chai. Bahati ilikuwa haijatiwa sukari wala majani. Mama wa pweza aliyapima kwa mkono wake mwenyewe kwanza, kwa kuwa mguu wenye maumivu hausikii kama unaungua. Dakika ishirini baadaye baharia aliacha kulia. Kuanzia sasa chupa mbili za maji ya moto ni sehemu ya vifaa vya boti, na atakayezitia majani ya chai atajibu kwangu.

Sasa fedha. Mhazini atasoma hesabu zote siku ya mkutano. Mimi nataka mwelewe kitu kimoja tulichonunua. Mtungi wetu wa zamani wa oksijeni ulikuwa wa lita mbili. Ukijazwa kwa shinikizo la baa 200 unatoa lita 400. Mgonjwa wa mbizi anahitaji lita 15 kwa dakika, kwa hiyo mtungi ule ulikuwa unaisha kwa dakika 27. Safari ya bahari kutoka hapa kwenda bara inachukua muda mrefu zaidi ya huo. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukisema tuna oksijeni, na kwa kweli tulikuwa na oksijeni ya kumfikisha mgonjwa katikati ya maji. Mpya ni wa lita kumi: lita 2,000, saa mbili na dakika kumi na tatu. Muuzaji mmoja alituletea kwanza rigaleta isiyoingia kwenye vali yake, na tulihangaika wiki saba kubadilishiwa. Sasa inaingia. Nimeijaribu kwa mikono yangu.

Hata hivyo mtungi mmoja hautoshi. Na hata ukitosha, anayeufungua ni nahodha au baharia, kwa sababu wazamiaji wakati huo wako majini. Hapa ndipo nilipo na ombi langu kubwa la mwaka. Kamati imegawanyika: wenzangu wanataka fedha ya 2025 ilipie vyeti vya juu kwa wazamiaji wanne. Mimi naomba ilipie siku tano za mafunzo kwa kila nahodha, kila baharia na kila mama wa pweza wa vijiji vyetu atakayetaka, wawe wanachama au wasiwe. Wazamiaji wanne ni wanne. Watu wa vyombo wako baharini kila siku, kaskazi na kusi, na mtu akizama yeyote wao ndiye atakayekuwa karibu. Najua vijana wenye ndoto ya vyeti hivyo wataumia, na nimezungumza nao ana kwa ana kabla ya kuandika haya. Uamuzi ni wenu, kwa kura.

Nawashukuru akina mama wawili waliokubali kuja bila kujua wanachokuja kufanya, mwalimu wetu, nahodha, na yule dada. Alama za kucha shingoni zimeshapona. Ameomba msimu ujao yeye ndiye aigize mhanga.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, chini ya mwembe ule ule. Wanaotoka visiwani wawahi na maji ya asubuhi. Baada ya kura mdoli utakuwepo mkekani, na kila mwanachama, hata asiyegusa maji, atakandamiza dakika mbili kabla ya kula.

Wenu,
Mwenyekiti